Kabla ya Kuitana Makamanda, Tujuane

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina ya viongozi wa vijana wa matawi. Wengi mliniomba maandishi, kwa hiyo nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza itifaki tu, maana ilikuwa inakaribia urefu wa mada.)

  

Mada yangu kwenye ratiba imeandikwa neno moja tu, "Vichangamshi", na imewekwa saa nane mchana, baada ya pilau. Nadhani aliyepanga ratiba alitaka mtu wa kuwaamsha. Sawa, nitajitahidi msilale. Ila sitawapigisha makofi ya kilo wala kuwarusharusha kama tuko kwenye mahafali. Nataka tuongee kuhusu michezo ile mifupi inayofanyika watu wanapokutana kwa mara ya kwanza, ile ya kufahamiana. Tunaichukulia kama mambo ya chekechea. Mimi naona ni kazi ya chama, tena kazi ambayo tumeiacha ikatugharimu.

Hebu kila mmoja amtazame aliyekaa kulia kwake. Umemtazama? Sasa jiulize kimoyomoyo: majina yake matatu, yale yaliyoko kwenye kitambulisho, unayajua? Akipata tatizo usiku huu, unajua umpigie nani nyumbani kwao?

Mnacheka. Ngoja niwaambie kwa nini nauliza.

Kuna mji mmoja, sitautaja, kijana wetu alichukuliwa jioni akitoka kwenye kikao cha ndani. Kundi lao la WhatsApp lina watu zaidi ya mia. Simu zikaanza, mawakili wanaojitolea wakatafutwa, na mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi tunaowasaidia kuandika taarifa. Swali la kwanza la wakili likawa rahisi: anaitwa nani? Jibu likaja, "Kamanda Radi". Wakili akauliza jina lake halisi. Kimya. Mtu amekaa nao kwenye vikao mwaka mzima, amebeba viti, amechangia nauli, na hakuna hata mmoja anayejua jina alilopewa na mama yake. Sasa wewe nenda kaunta ya polisi ukamuulizie Kamanda Radi, uone utakavyotazamwa. Usiku mzima ukaisha watu wakizunguka kituo kwa kituo. Asubuhi ndipo akapatikana jirani anayeifahamu familia.

Sheria yetu inazungumzia saa 24 za mtu aliyekamatwa kufikishwa mahakamani. Saa hizo hazisubiri ninyi mtafute jina. Na dhamana inataka mdhamini, mtu anayemfahamu mtuhumiwa na anayeweza kuthibitisha hivyo kwa anwani na saini. Stika ya ngumi iliyokunjwa haimdhamini mtu.

Kwa hiyo mtu akikwambia michezo ya kufahamiana ni utoto, mwambie hapana. Kufahamiana kuna siku kunageuka kuwa suala la mtu kulala nyumbani au kulala selo.

Sasa tuje kwenye sheria kidogo, nisije nikarudi chuoni nikaulizwa nilikwenda kufanya nini. Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza kuandikishwa kwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya dini fulani, kabila fulani, rangi fulani au eneo fulani tu la nchi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ikaongeza hesabu: ili chama kipate usajili wa kudumu, lazima kionyeshe wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, na kati ya hiyo angalau miwili iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba.

Mnaona eh? Hata kabla hatujafungua ofisi, sheria inatutaka tuwe mchanganyiko. Mtu wa Micheweni na mtu wa Karatu, mvuvi wa Kigoma na mkulima wa korosho wa Tandahimba, wote lazima wawemo kwenye karatasi moja. Lakini sheria inaishia kwenye karatasi. Haisemi watu hao wakikutana wataongea nini. Hiyo kazi imeachwa kwetu.

Na kizazi chetu kina tatizo la peke yake. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016, na zuio likaondolewa tarehe 3 Januari 2023. Wengi wetu tulikuwa shule wakati huo. Chama tulikijulia kwenye simu. Tunajuana kwa picha za wasifu, kwa sauti za usiku wa manane kwenye mijadala ya mtandaoni, kwa majina kama Radi, Chuma na Simba wa Nyika. Tumezoea kukubaliana kwa alama ya moto na kugombana kwa kutoana kwenye kundi. Kukaa kwenye duara na mtu usiyemfahamu, mkasikilizana dakika kumi bila mmoja kubonyeza "ondoka", wengi hatujawahi kufundishwa.

Sasa kuna mtu atasema, dada, hivi vitu ni vya mashirika ya wafadhili na bangokitita zao. Siyo kweli. Wazee wetu walikuwa na chao, kinaitwa utani.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wazee wanasimulia kwamba mambo hayo yanatokana na safari za misafara ya kwenda pwani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wapare na Wachaga, hao hatuna haja ya kuwaeleza, kila mtu hapa amesikia vichekesho vyao. Lakini naomba tuangalie utani ulivyokuwa unafanya kazi, maana siku hizi tumebaki na vichekesho tu na kazi tumeitupa. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukucheka, kukutania mpaka msibani, kukudai kitu chako hadharani. Na huyohuyo alikuwa na wajibu. Kukiwa na msiba, mtani anafika, anasaidia, anashughulika na mazishi, anawachekesha wafiwa ili wale chakula. Ruhusa ya kukucheka ilikuja pamoja na jukumu la kukuzika.

Hilo ndilo wazo lenyewe. Tofauti zilitajwa wazi, tena kwa kelele, lakini kila tofauti ilifungwa na wajibu. Sisi tukikaa kwenye vijiwe tukasema watu wa mkoa fulani wako hivi na kabila fulani lina tabia ile, halafu mwenzetu wa huko akifiwa hatuendi, huo siyo utani. Hayo ni matusi tu yaliyovaa kanzu ya utani.

Basi nina michezo minne. Haihitaji bajeti, projekta, wala posho ya mwezeshaji. Ukiwa na dakika 25 kabla ya ajenda, unaweza kufanya mmoja ukabaki na muda wa kuuongelea.

Wa kwanza nauita Matatu na Moja. Watu wanakaa wawiliwawili, kila mmoja na mtu asiyemfahamu. Dakika tano wanatafuta mambo matatu yanayowafananisha na jambo moja linalowatofautisha. Kuna masharti. Haruhusiwi mtu kutaja kinachoonekana kwa macho, kama "wote tuna miguu" au "wote tumevaa fulana za chama". Na haruhusiwi kutaja chama, maana hapo ndipo wavivu wanapokimbilia. Wakimaliza, kila mmoja anamtambulisha mwenzake badala ya kujitambulisha mwenyewe, kwa jina lake halisi.

Ukikataza majibu ya haraka, watu wanalazimika kuchimba. Niliwahi kuongoza mchezo huu nikawaona kijana wa bodaboda na dada anayesoma shahada ya pili. Dakika mbili za kwanza walikuwa wanatazamana kama wako kwenye foleni ya benki. Mwisho wakasimama wakasema: wote tumelelewa na bibi, wote tulirudishwa nyumbani shuleni kwa sababu ya michango, na wote wazazi wetu hawajui kama tuko hapa leo. Tofauti yao: mmoja akikamatwa anaogopa kupoteza pikipiki ya mkataba, mwingine anaogopa kupoteza chuo. Hebu fikirieni. Kikao kilichofuata kilikuwa cha kupanga nani afanye kazi gani. Bila ile tofauti kutajwa, tungempangia yule wa bodaboda kazi ya mchana barabarani kwa kuwa "yeye ana usafiri", na hakuna ambaye angejua kwamba tajiri wake anasubiri hesabu kila jioni.

Wa pili ni Hadithi ya Jina. Duara moja, watu wasizidi 15. Kila mtu anasema jina lake, nani alimpa, na kwa nini. Dakika moja na nusu kila mmoja. Huu ndio dawa ya ugonjwa wa Kamanda Radi. Na nchi yetu ina utajiri kwenye majina, jamani. Yupo Mwajuma aliyezaliwa Ijumaa na Chausiku aliyezaliwa usiku. Yupo Masumbuko, Tabu, na Shida, ambao majina yao ni historia ya mwaka mgumu wa mama zao. Wapo Kulwa na Doto, mapacha wa Usukumani. Utamkuta Wambura wa Mara na Nyamvula wa Tanga wamekaa mbalimbali ukumbini, hawana habari kwamba majina yao yote mawili yametoka kwenye mvua. Kwao mbali, lugha zao tofauti, lakini wazazi wao waliangalia mbingu ileile wakampa mtoto jina.

Angalizo kwenye mchezo huu. Usimlazimishe mtu aliyekulia kwenye kituo cha watoto, au asiyejua baba yake, aeleze asichotaka kueleza. Sema mapema: unaweza kutuambia jina tu, na jina la utani unalolipenda, inatosha. Usiulize "na kwenu ni wapi hasa?" kama afisa uhamiaji.

Wa tatu ni Upepo Unavuma. Viti vinapangwa duara, kimoja kinapungua. Aliyebaki bila kiti anasimama katikati anasema, "Upepo unavuma kwa wote ambao…" halafu anataja jambo ambalo na yeye linamhusu. Wote linaowahusu wanahama viti. Anza na mepesi: wote wanaopenda ugali kuliko wali, wote waliowahi kupotea Kariakoo. Watu wacheke kwanza. Kisha mwezeshaji anaingiza ya ndani kidogo: wote waliowahi kuomba kazi mwaka huu bila kujibiwa. Wote ambao kwao kuna mtu wa chama tawala na wanakula sahani moja. Wote waliowahi kutaka kuongea kikaoni wakaogopa.

Kwenye hilo la mwisho ndipo nilipojifunza kitu. Nimeliuliza kwenye vikao kadhaa sasa, na kila mara wanaohama viti wengi ni wasichana. Wavulana wanabaki wamekaa wanashangaa, kwa sababu walidhani dada zao wako kimya kwa kuwa hawana la kusema. Hotuba ya usawa wa jinsia ingechukua saa moja na watu wangesinzia. Hapa watu wamesimama, wakahama, na macho yote yakaona. Hakuna aliyetajwa jina wala kulaumiwa.

Kwenye mchezo huu kumbukeni wenzetu wenye ulemavu. Kama yupo anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, watu wasikimbilie viti: wanyooshe mikono na kila mmoja aseme jina lake kwa sauti. Kama yupo kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu mchezo unaanza, asije kuitwa wakati wa hotuba ya mwenyekiti. Mchezo wa kuthamini tofauti unaomwacha mtu ukutani umeshindwa kabla ya kuanza.

Wa nne ni Mstari wa Maoni, na huu ndio mgumu kwetu. Upande mmoja wa ukumbi ni "nakubali kabisa", upande wa pili ni "nakataa kabisa". Mwezeshaji anasoma sentensi moja, kila mtu anatembea kwenda kusimama anapoamini. Unaweza kusimama katikati. Halafu watu watatu, mmoja kila eneo, wanaeleza kwa dakika moja. Baada ya hapo unauliza: kuna anayetaka kuhama?

Mimi napenda kutumia sentensi hii: "Mgombea binafsi aruhusiwe, hata kama atapunguza kura za chama chetu." Mnaguna! Mnaona? Sasa historia yake mnaijua. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda hoja hiyo Mahakama Kuu mwaka 1994. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba kumlazimisha mtu awe na chama ndipo agombee kunakiuka Mkataba wa Afrika. Kisheria ni ushindi wa haki. Kichama, inamaanisha yule tuliyemkata kwenye kura za maoni anaweza kusimama peke yake akagawa kura. Kwa hiyo ukiisoma sentensi hiyo ukumbini, makamanda wale wale wanaoimba wimbo mmoja wanagawanyika mpaka ukutani. Na pande zote mbili zina hoja.

Mara ya kwanza wanashtuka. Wanaangalia viongozi wamesimama wapi ili na wao wasogee huko. Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza kwenye mchezo huu ni kwamba viongozi wanasimama wa mwisho. Kanuni ya pili: neno "msaliti" limepigwa marufuku ndani ya mchezo. Nasema hivi kwa uzito, makamanda. Sisi tumelitumia neno hilo hovyo. Mtu akiuliza mapato na matumizi, msaliti. Akisema tuahirishe maandamano, msaliti. Akipiga picha ya harusi na binamu yake wa chama kingine, msaliti. Tunadai Ibara ya 18, uhuru wa maoni, tukiwa nje, halafu ndani ya ukumbi wetu mtu akitofautiana na katibu anatolewa kwenye kundi kabla hajamaliza kuandika. Serikali tutakayoiunda na tabia hiyo mnaijua itakavyokuwa. Nchi ya watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, makabila zaidi ya 120, haiendeshwi kwa kutoana kwenye kundi.

Mstari wa Maoni unamfundisha mtu kwamba anaweza kusimama upande wa pili wa ukumbi na wewe, halafu mkarudi mkakaa benchi moja mkala muhogo. Na anaona pia mwenzake akihama baada ya kusikia hoja, na dunia haijaisha. Kubadili mawazo kwa hoja ni ushujaa pia.

Sasa masharti ya jumla, nayaorodhesha haraka kwa wanaoandika.

La kwanza, hiari. Kila mchezo uwe na neno la kupita. Mtu akisema "napita", anapitwa bila kuulizwa kwa nini. Huwezi kujenga imani kwa kumlazimisha mtu ajianike.

La pili, usiri na usalama. Simu zinawekwa chini, hakuna kurekodi, hakuna kurusha mubashara. Wapo kati yetu watoto wa watumishi wa umma, wapo wenye mabosi wakali. Mtu akisema jambo lake kwenye duara, linabaki kwenye duara. Na zile fomu za mahudhurio zenye majina, simu na namba za vitambulisho, zisibaki mezani kama magazeti ya jana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama hakiko juu yake. Yale majina matatu na namba ya ndugu wa karibu vitunzwe na mtu mmoja au wawili walioaminiwa na tawi.

La tatu, heshima ya mila na imani. Epuka michezo ya kushikanashikana. Wapo dada zetu wa stara, na wapo kaka zetu pia wasiopenda. Angalia kama ni mwezi wa Ramadhani au Kwaresima kabla hujaleta mchezo wa kulishana biskuti. Angalia saa za swala.

La nne, wakubwa. Kama kuna wazee ukumbini, usiwaambie wajitaje kwa majina ya utoto mbele ya watoto wao. Waombe kwanza, na waanze wao wakipenda. Mzee akicheza kwa hiari yake, vijana wote wanafunguka.

La tano, ambalo wengi tunaliruka, ni maswali ya baada ya mchezo. Mchezo usipoongelewa unabaki kuwa kelele. Uliza matatu tu: Umeona nini? Kimekushangaza nini? Kwa hiyo kikao chetu kibadilike wapi? Hilo la tatu ndilo lenye faida. Ule mchezo wa upepo ulipoonyesha dada zetu wanaogopa kuongea, tawi moja likaamua kila ajenda ianze na mchango wa mwanamke kabla ya mwanaume. Haikugharimu hata senti.

Kabla sijakaa, nijibu watu wawili ambao nawaona wamekunja uso.

Wa kwanza anasema: wenzetu wanasota mahabusu, wewe unatuletea michezo? Kaka, nakuheshimu, na uchungu wako ndio wangu. Lakini anayesota ndani anahitaji watu wanaomjua, wanaojua nyumbani kwao, wanaojua dawa anazotumia, wanaojua nani anamwachia mtoto. Hasira haijui mambo hayo. Wanaoyajua ni watu waliowahi kukaa naye wakaulizana.

Wa pili anasema: michezo haiondoi dhuluma. Huyu nakubaliana naye moja kwa moja. Kama baada ya duara la upendo wavulana wanapanda jukwaani na wasichana wanapelekwa kugawa chakula, mchezo umekuwa pazia. Kama nafasi za mafunzo zinakwenda kwa ndugu wa katibu, hata mkicheza mpaka usiku wa manane watu wataona. Na kama mtu wa Pemba anaitwa semina kwa ajili ya picha tu na nauli yake ya boti hairudishwi, usimwambie "sote ni wamoja". Mwambie hivyo baada ya kumrudishia nauli. Kufanana tunakosherehekea kwenye mchezo lazima kuonekane kwenye mgao wa kazi, wa fedha na wa vyeo. Vinginevyo mchezo wenyewe ni uongo, na vijana siyo wajinga.

Kwa hiyo ombi langu kwenu viongozi wa matawi ni dogo. Kikao chenu kijacho, kabla ya kusoma kumbukumbu, chukueni dakika 25. Anzeni na Hadithi ya Jina. Mkimaliza, kila mtu aandike kwenye kikaratasi majina yake matatu na namba ya ndugu mmoja, akipenda, amkabidhi katibu mkononi. Kikao kinachofuata fanyeni Matatu na Moja. Kile cha tatu, kama mna moyo, wekeni mstari katikati ya ukumbi, katibu asimame wa mwisho, na msome sentensi inayowagawa. Halafu mniandikie mliona nini.

Sasa ili nisionekane nahubiri nisichokitenda, tumebakiwa na dakika kumi na mbili kabla ya mada inayofuata. Geuka kwa aliyekaa kulia kwako, yule uliyeshindwa kujibu maswali yake mwanzoni. Matatu yanayowafananisha, moja linalowatofautisha, na chama hakitajwi. Mwenyekiti, na wewe pia, tafadhali, huyo mama wa Baraza la Wanawake anakusubiri.